Kusini kunatembelewa kwa kufuata maji na mvua, si kwa kufuata likizo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila mwisho wa mwaka unapokaribia, magazeti yetu, lako likiwamo, huwahimiza Watanzania kutalii kwao, na mikoa ya Lindi na Mtwara hupewa aya mbili tatu: fukwe nyeupe, mapango, misitu, mabaki ya mijusi wakubwa. Hatuna ugomvi na sifa hizo, nyingi ni za kweli. Tunacholalamikia ni kwamba msomaji haambiwi aende mwezi gani wala afike saa ngapi. Basi anafunga safari Desemba kwa sababu ndiyo likizo, anafika Songo Mnara, kisiwa chenye magofu, maji yamekupwa, anatembezwa kwenye tope la mikoko hadi magotini, kesho yake anaambiwa barabara ya Kipatimu haipitiki, anarudi Dar es Salaam akitangaza kwamba Kusini hakuna kitu.

Mikoa hii miwili kwa pamoja ina zaidi ya kilomita za mraba 80,000, na vitu vyake viko mbalimbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 560, na lami iko njia nzima, lakini lami hiyo ni uti wa mgongo tu. Karibu kila kivutio cha asili kiko pembeni yake kwa makumi ya kilomita za udongo, mchanga au bahari. Na hata huo uti wa mgongo si wa kuuamini muda wote. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kiliikata barabara kuu upande wa Kilwa, magari yakalala njiani. Anayesafiri kati ya Machi na Mei aulize kwanza hali ya eneo la Somanga kabla ya kuvuka Daraja la Mkapa, maana akishafika huko hana njia fupi ya kuzunguka.

Mvua za huku ni za msimu mmoja: kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, zikipumzika kidogo katikati. Kwa hiyo vivutio vya bara, yaani mapango, misitu ya nyanda za juu na Tendaguru, kilima cha mabaki ya mijusi, msimu wake ni Juni hadi Oktoba. Vya baharini vina hesabu nyingine, na hesabu hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Tuanze nayo.

Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanajaa kama saa nne asubuhi na kupwa kama saa kumi jioni, tena kujaa kwenyewe ni kwa wastani tu. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu; siku za maji mafu haifiki hata nusu ya hapo. Mtu akiyajua haya na akitazama mwezi, anaweza kukisia saa ya maji kwa kukosea nusu saa au zaidi kidogo, bila jedwali lolote.

Sasa uitumie hesabu hiyo Kilwa. Kuvuka kutoka Kilwa Masoko kwenda kisiwa cha Kilwa Kisiwani hakuna taabu, mkondo ni mfupi na mashua ya injini huuvuka kwa dakika chache karibu saa yoyote. Songo Mnara ni jambo jingine. Iko kusini zaidi, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa injini, na upande wa kushukia una mikoko na maji mafupi. Ukifika maji yamejaa, mashua inakuingiza karibu. Ukifika yamekupwa, mashua inasimama mbali na wewe unashuka kwenye tope. Siku nzuri, kwa hiyo, ni zile ambazo maji hujaa karibu na adhuhuri, na kwa mwezi wa kuandama hizo huangukia tarehe 9 hadi 11 na 24 hadi 26. Mnaondoka Masoko saa mbili na nusu au saa tatu, mnafika maji yanapanda, mnatembea saa mbili au tatu, mnapanda mashua maji yakiwa bado hayajashuka mno. Wageni wa siku ya mwezi mpevu hukuta kinyume chake kabisa: saa nne asubuhi, wakati wanapotaka kushuka, ndipo bahari inapokuwa imekwenda mbali kuliko siku zote.

Upepo nao una neno lake. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, takriban Mei hadi Septemba, safari ya kwenda Songo Mnara ni ya kuukabili upepo, na kurudi ni kusukumwa. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, Novemba hadi Machi, kwenda ni rahisi na kurudi ndiko kunakolowesha watu, kwa kuwa mchana upepo huzidi na katika milango iliyo kati ya visiwa bahari kuu huingia moja kwa moja. Nahodha akisema turudi sasa, msimwombe nusu saa ya picha. Maboya ya kuokolea yahesabiwe ufukweni kabla ya kung'oa nanga, moja kwa kila kichwa, watoto wawe na ya saizi yao. Yakiwa yamefungwa chini ya mizigo ni sawa na kutokuwapo. Na kibali cha kuyaona magofu kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, siku za kazi, mapema. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si fedha mkononi, hivyo simu iwe na salio la kutosha la kulipia huko huko mjini kwenye mtandao.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameingia katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981 na yanajulikana, kwa hiyo tusiyarudie. Lisiloandikwa ni mikoko inayoyazunguka, ambayo wageni huiona kama kizuizi cha kufikia kuta. Chukueni dakika 20 mkiwa ndani ya mashua, injini imezimwa, maji yanapopanda. Mkoko wenyewe utaujua kwa mizizi inayotoka juu ya shina na kujikita pembeni kama miguu ya buibui. Mbegu yake huchipua ikiwa bado mtini, inaning'inia mithili ya fimbo ya kijani, na ikidondoka maji yamekupwa hujichoma topeni na kusimama. Mchu hauna miguu hiyo. Mizizi yake hutoka ardhini wima, myembamba, kwa mamia, ili ipate hewa ambayo tope halina; pindua jani lake, chini ni jeupe-jeupe, na ukililamba uso wa juu utaonja chumvi ambayo mti umeitoa. Mkandaa ni mfupi zaidi, gome lake likitoa rangi nyekundu ya kutilia ngozi na nyavu. Mtu akishaijua mitatu hii anaanza kuona kwamba kila mmoja una mahali pake kulingana na muda unaofunikwa na maji. Kwa mikoko mingi zaidi, delta ya Rufiji kule kaskazini ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki, lakini huko ni safari ya peke yake na mamba si wa kufanyiwa mzaha.

Tusahihishe jambo moja hapa. Tangu samaki wa kale silikanti alipovuliwa karibu na Songo Mnara mwaka 2003, wapo wanaowaahidi wageni kumwona. Hamtamwona. Ni samaki wa kina kirefu, mchana hukaa kwenye miamba zaidi ya mita 100 chini, na waliopatikana walinaswa na jarife, wavu wa kuvulia papa. Anayeuza safari ya kumtazama silikanti anauza hewa.

Twende Mtwara. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na fukwe, na zaidi ya aina 250 za matumbawe. Kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati ni zaidi kidogo ya kilomita 40. Shida haianzii bahari, inaanzia mchanga. Kilomita za mwisho kuelekea ufukwe wa Ruvula ni mchanga mlaini, mkavu, na gari dogo halifai kabisa. Hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hukwama, na mara nyingi kosa ni la upepo wa matairi. Dereva anakuja na paundi 35 za lami. Apunguze hadi 18 au 20 kabla ya kuingia mchangani, si baada ya kukwama. Tairi lililolegea hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, lenye upepo mwingi huchimba. Aingie na gia nzito, mwendo usiobadilika, asisimame kupiga soga wala kupisha picha. Gari likianza kuzama, aondoe mguu kwenye mafuta mara moja. Wengi hufanya kinyume, wanakanyaga zaidi, tairi linajichimbia hadi gari linakaa kwa tumbo, na hapo jeki peke yake haisaidii kwa sababu nayo inazama. Kwa hiyo bebeni kibao cha kuweka chini ya jeki, koleo, na pampu ya kurudishia upepo kabla ya kugusa lami tena.

Wapo wanaoona mchanga mgumu ulioloana chini ufukweni wakajiambia ndiyo barabara. Ni mgumu kweli, maji yakiwa yamekupwa. Ila ukikwama pale una chini ya saa sita hadi maji yarudi hapo hapo, na hakuna trekta karibu. Isitoshe, kasa hutaga katika fukwe hizi, na gurudumu linaloyapita mayai halijui limepita juu ya nini. Piteni njia ya juu.

Kwa kuogelea na kutazama matumbawe, Ruvula ina sifa moja adimu: ukuta wa mwamba unashuka karibu na ufukwe, hivyo huhitaji mashua. Sifa hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Siku za bamvua mkondo unaoingia na kutoka katika ghuba ni wa nguvu, na aliye juu ya kina kirefu haoni kwamba anasogea. Chagueni siku za maji mafu, ingieni nusu saa kabla ya maji kutulia, na mtu mmoja abaki ufukweni akiwatazama waliomo. Maji huwa maangavu zaidi wakati wa kaskazi kabla ya mvua kubwa kushika, kisha Ruvuma ikifurika huleta udongo na kuyachafua. Viatu vya plastiki, yeboyebo hizi za kawaida, vinatosha kuwakinga na miiba kwenye maji mafupi, ila msikanyage matumbawe hata mkiwa navyo. Tawi mlilolivunja kwa hatua moja lilichukua miaka kukua. Wanaotaka nyangumi waje Julai hadi Oktoba, wanapopita na watoto wao. Katika maingilio ya Ruvuma wapo boko na mamba. Msiingie mtoni, hata kunawa.

Bara sasa, na tuseme wazi kwamba kwa maoni yetu ndiko kuliko na vitu vikubwa kuliko fukwe.

Milima ya Matumbi, Kilwa, ni ya mawe ya chokaa, na maji ya mvua yameyatoboa kwa muda mrefu hadi yakawa na mapango. Pango la Nandembo limepimwa kwa kilomita zaidi ya saba, refu kuliko yote yanayojulikana nchini. Nang'oma linajulikana zaidi kwa ukubwa wa mlango wake, na kwa kuwa wenyeji walijificha humo wakati wa vita vya Maji Maji, vilivyoanzia huku huku Matumbi, Nandete, mwaka 1905. Unaiacha barabara kuu eneo la Tingi na kupanda kuelekea Kipatimu. Hakuna taa wala kamba wala njia iliyojengwa humo ndani, na hilo halielezwi kamwe kwenye kurasa za matangazo.

Kwa hiyo kanuni ni hizi. Mwenyeji wa kijiji awe mbele, na uongozi wa kijiji ujulishwe kwanza; wapo wazee wenye mapango yao ya tambiko, na kupita bila kuuliza ni utovu wa adabu hata kama hakuna atakayewazuia. Kila mtu awe na tochi yake, na ya akiba mfukoni, kwa kuwa simu ni taa mbaya: huna mkono wa kushikia mwamba, na ikianguka ndiyo imezima. Viatu viwe na meno, maana udongo unaochanganyika na kinyesi cha popo ni telezi kuliko unavyoonekana. Vumbi la kinyesi hicho lina madhara kwa mapafu, kwa hiyo fungeni pua kwa barakoa, msishike popo, msile humo ndani. Na kuanzia mvua zinapoanza msiingie kabisa. Mapango haya ni mifereji ya maji. Mvua inaweza kunyesha mlimani nyie hamuioni, ikawafikia mkiwa mmeinama kwenye uchochoro.

Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, ndiko kunakowavunja moyo watu kuliko kote, na lawama ni za waandishi. Mifupa ilitambuliwa mwaka 1906, Wajerumani wakachimba kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 zikabebwa kichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, zikasafirishwa Berlin. Aliyesimama juu ya kazi hiyo kama msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, Mtanganyika ambaye jina lake lingestahili kibao pale mlimani. Mjusi mkubwa kuliko wote aliyetoka huko amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kwa hiyo anayekwenda Tendaguru akitarajia mifupa iliyosimama amekwenda bara lisilo lake. Kilichopo ni kilima, mashimo ya zamani yaliyomezwa na vichaka, tabaka za mwamba, na vipande vidogo vya mifupa vilivyogeuka mawe. Kwa anayejua anatazama nini, ni mahali pa kukaa siku nzima. Kipande cha mfupa utakitofautisha na jiwe kwa vitundu vidogo vidogo mahali kilipovunjika. Kiachwe hapo hapo, mpige picha pembeni yake pakiwa na sarafu ili ukubwa uonekane. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kukichukua, na kipande kilichotolewa mahali pake hakimwambii mtaalamu chochote tena. Kibali kwanza, kiongozi wa kijiji pili, maji ya kunywa lita tano kwa mtu. Baada ya mvua udongo mweusi wa njia hiyo hunata hadi magurudumu hayazunguki.

Msitu wa Rondo uko juu ya uwanda, karibu mita 900 sehemu zake za juu, ukipandwa kutoka barabara ya Lindi kwenda Masasi. Yumo komba wa Rondo, mwenye uzito wa kama gramu 60, mkia wenye nywele zilizosimama kama brashi ya kuoshea chupa, na ambaye amewahi kuingizwa katika orodha ya nyani na jamii zake 25 walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Hutokea usiku, na tofauti na komba wengine wengi hupenda vichaka vya chini, akishika mashina wima na kuruka kutoka moja hadi jingine. Watu humkosa kwa sababu wanamulika juu kwenye vilele vya miti. Mulikeni usawa wa kiuno na kifua, kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, tembeeni taratibu, kisha simameni kimya. Mtasikia kwanza, ndipo mtaona macho. Ruhusa na mlinzi wa msitu ni lazima, na usiku huku juu ni baridi Juni na Julai.

Newala, ukingo wa Makonde, kuna Shimo la Mungu, genge linaloangukia bonde la Ruvuma, na siku ya hewa safi macho yanafika Msumbiji. Siku hiyo ya hewa safi ndiyo ya kuitafuta. Mei hadi Julai, mvua zikiwa zimekatika, ndiyo miezi yake, asubuhi ukungu ukishapanda. Kuanzia Septemba moshi wa mashamba hufunika bonde lote. Hakuna uzio, watoto washikwe mkono. Ukifika Newala usiache kuteremka Masasi kutazama milima yake ya mwamba mtupu, ambayo hupandwa alfajiri kabla jiwe halijapata moto, kwa kujihadhari na nyuki kwenye nyufa.

Mambo mawili ya korosho, kwa kuwa hayasemwi. Kuanzia kama Juni wakulima hupuliza salfa mashambani asubuhi, na mwenye pumu akipita Tandahimba au Newala na madirisha wazi ataijua. Na minada ikianza Oktoba, nyumba za wageni za Newala, Tandahimba na Masasi hujaa wanunuzi, bei hupanda, asiyepiga simu mapema hulala garini.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Pale unapochapisha hali ya hewa na nyakati za swala, tenga mstari mmoja wa saa za maji kujaa na kupwa. Za Dar es Salaam zinatosha, kwani Kilwa na Mtwara hutofautiana nazo kwa dakika chache tu. Na makala ya likizo ya Desemba kuhusu Kusini itolewe mwezi Mei.

Ni sisi waongoza wageni,
Kilwa Masoko na Mtwara